Siku Tatu za Matembezi na Dada Asiyenijua

Nilikwenda Wales kwa sababu ya maneno aliyoyasema baba yangu ndani ya gari, mwezi wa pili, theluji ikiwa imerundikwa kando ya maegesho kama vichuguu vichafu. Nilikuwa nimemchukua kwenye mashine ya kusafisha damu, kama ninavyofanya kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na tulikuwa tumeshafika nyumbani kwangu New Hope, Minnesota. Nikazima gari. Yeye hakufungua mkanda.

"Naeli," akasema, "wewe si mtoto wangu wa kwanza."

Nilidhani ni uchovu. Mimi ni muuguzi, najua wagonjwa wa figo wanavyotoka kwenye mashine wamelegea hata maneno yakawaponyoka. Lakini akaendelea kwa sauti ile ile. Kabla hajamwoa mama, serikali ilimpeleka Wales kusomea mifugo. Akiwa kwenye mazoezi ya shamba alipendana na binti wa mwenye shamba, jina lake Mair, wakapata mtoto wa kike. Mtoto alipofikisha miezi minne masomo yakaisha. Baba akarudi Upareni, akaahidi kwamba angewafuata au angewaita. Hakufanya lolote kati ya hayo.

Akatoa bahasha mfukoni mwa koti. Ilikuwa barua ya yule mtoto, ameiandika akiwa na miaka kumi na miwili.

"Hukumjibu?"

"Sikumjibu."

Kioo cha gari kilianza kufunga ukungu wa pumzi zetu.

"Daktari ameniambia moyo wangu hauivumilii tena ile mashine kama zamani," akasema. "Nataka nisikie sauti yake mara moja tu. Mama yenu ametangulia, hakuna nitakayemwaibisha ila mimi mwenyewe. Lakini Eliamani asijue kwanza."

Eliamani ni mdogo wangu, anaishi Savage, mji usio mbali na kwangu, na mkewe na watoto wawili. Tangu mama afariki ni mimi ninayebeba mambo ya nyumba: hospitali, misiba ya kwetu Usangi, ugomvi wa mashamba unaokuja kwa simu. Nimeyabeba kwa sababu mimi ni kifungua mimba. Ndivyo nilivyoambiwa tangu utoto kila nilipotaka kukataa jambo. Nitasema ukweli: usiku ule sikumlilia yule dada. Nilijililia mimi.

Kumpata hakukuwa kazi. Jina lake Carys, na lilikuwa kwenye mtandao pamoja na picha ya gari dogo la abiria wanane. Ana shughuli ya kuwatembeza wageni kutoka mji mdogo wa soko katikati ya Wales, mji ambao yeye mwenyewe ameniomba nisiutaje. Kila siku safari moja, asubuhi kwenda na jioni kurudi. Nikajaza fomu ya siku tatu, Jumanne hadi Alhamisi, kwa jina la ukoo wa mume wangu. Sikuandika neno la ziada. Niliogopa kwamba nikijitambulisha atanifungia mlango kabla sijaufikia.

Jumamosi, mwezi wa nne, niliruka kutoka Minneapolis. Nilimwachia mume wangu ratiba ya dawa za Baba imebandikwa kwenye jokofu, na Eliamani nikamwambia nakwenda kupumzika. "Dada, wewe kupumzika?" akacheka. "Basi lete picha." Ulikuwa uongo wa kwanza. Ndani ya ndege nilijaribu kupanga maneno nitakayomwambia Carys, na kila nilipofika mahali pa kusema "baba yetu" nilikwama.

Jumatatu jioni nilishuka treni iliyotoka Birmingham. Mabehewa yalikuwa mawili tu, na nje ya kituo palikuwa na malisho, tena kijani kibichi mno kwa macho yaliyozoea theluji ya Minnesota tangu Novemba. Mji wenyewe una mtaa mkuu mmoja unaopanda kilima, mnara wa saa katikati, maduka ya nyama, duka la mabuti ya mpira, na mabango ya lugha mbili, Kiwelshi juu na Kiingereza chini. Nyumba ya wageni ilinuka makaa ya mawe. Mwenye nyumba aliniuliza nimekuja kutazama nini. Nikasema milima.

Jumanne, saa tatu asubuhi, nilimwona dada yangu kwa mara ya kwanza. Alisimama chini ya mnara wa saa, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, maji ya kunde, nywele za kipilipili zenye mvi amezifunga kwa kitambaa. Mkono mmoja ameuweka nyuma, mgongoni. Baba husimama vivyo hivyo tangu nipate akili.

"Wewe ndiye wa kutoka Amerika?" akaniuliza. Kiingereza chake kilikuwa na mapigo ya Kiwelshi, sauti ikipanda mwishoni. "Karibu. Kaa mbele ukitaka, utaona vizuri zaidi."

Nikakaa mbele. Nyuma walikaa mume na mke wastaafu kutoka Uingereza. Ilikuwa siku ya soko, kwa hiyo kwanza alitupeleka kwenye mnada wa kondoo, pembeni ya mji. Paa la mabati, mazizi ya vyuma, mamia ya kondoo wakilia, na dalali akitaja bei kwa kasi kama mtu anayekariri sala huku nyumba inaungua. Wakulima walinunua kwa kukonyeza tu. Carys aliingia zizini, akamshika kondoo jike taya, akafunua mdomo wake kwa kidole gumba kututolea mfano wa jinsi ya kujua umri kwa meno. Niligeuka nikajifanya napiga picha. Niliuona mkono wa baba yangu, bwana mifugo, kwenye mbuzi wa Usangi.

Adhuhuri tulipanda kwenye magofu ya ngome, juu ya mji. Upepo ulikuwa mkali. Yule mke mstaafu, bila nia mbaya nadhani, akamwuliza Carys, "Na wewe asili yako ni wapi?"

"Shamba lile pale," Carys akaonyesha, "nyuma ya mnara wa kanisa."

"Ndiyo, lakini kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo nilikuwa sijazaliwa."

Mume akakohoa. Carys akaanza kueleza unene wa kuta za ngome. Mimi nilibaki nimetazama lile shamba, paa lake la mawe na miti mitatu, mahali ambapo baba yangu aliacha mtoto wa miezi minne. Bahasha ilikuwa kwenye mkoba wangu. Niliigusa mara kumi siku ile, na mara kumi nikaiacha.

Jumatano wale wastaafu walikuwa wameondoka. Tulibaki wawili. Carys akaniuliza kama ningependa kuahirisha, nikajibu "hapana" upesi mno, akanitazama.

Tulikwenda kwenye bwawa, mwendo wa saa moja kwa barabara nyembamba zenye ua wa miti pande zote mbili, gari moja tu ndilo linalopita. Ukikutana na trekta, mmoja wenu anarudi nyuma hadi penye upenyo. Njiani alinieleza kwamba chini ya yale maji kuna kijiji. Watu walihamishwa ili mji wa mbali upate maji ya kunywa: nyumba, shule, kanisa, vyote vimezama.

"Mama yake bibi yangu alizaliwa huko chini," akasema tulipoegesha juu ya ukuta wa bwawa. Maji yalikuwa meusi, hayana hata kiwimbi. "Alikuja hapa kila mwaka akasimama. Nilimwuliza kwa nini, akasema, ili wajue nimekuja."

Nikaona nisiposema pale sitasema tena. Nikafungua mkoba. Maneno yote niliyopanga kwenye ndege yalipotea.

"Carys, mimi sikuja kutazama milima. Baba yangu alisoma mifugo hapa. Alikaa shambani kwenu. Mama yako ni Mair."

Nikamkabidhi barua. Nilikuwa nimejishawishi kwamba ile barua ndiyo ingenitetea, kwamba akiona Baba ameitunza miaka yote hiyo atajua hakusahaulika. Aliitoa kwenye bahasha, akatazama mwandiko wake wa utotoni, herufi kubwa za duara. Akaisoma hadi mwisho. Halafu akaikunja kwa kufuata mikunjo ile ile.

"Kwa hiyo ilifika," akasema.

"Ameitunza..."

"Mama aliniambia barua za Afrika hupotea. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikamwamini. Miaka yote hii nimekuwa nikisema, hakuipata. Maskini, hakuipata." Akanirudishia bahasha. "Ingia garini."

Ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilikuwa nimebeba kutoka New Hope, kwa mikono yangu, kitu pekee kilichoweza kumnyang'anya faraja yake.

Alasiri ile ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote. Alishika barabara ya juu ya bwawa, upande mmoja mwamba, upande mwingine kamba za chuma na maji chini kabisa. Kwenye kona tukakutana uso kwa uso na lori la magogo. Dereva wa lori hakuwa na pa kwenda. Carys akatia gia ya kurudi nyuma. Niliona vifundo vya vidole vyake vimekuwa vyeupe kwenye usukani; gari likaanza kurudi, gurudumu la kushoto likikanyaga majani ya ukingoni, kokoto zikiporomoka. Nilifumba macho. Nilisikia pumzi yake, fupi fupi. Tulipofika penye upenyo lori likapita, dereva akapunga mkono kushukuru. Carys akabaki ameegemeza paji la uso kwenye usukani.

"Barabara hii naipita kila wiki," akasema. "Sijawahi kutetemeka."

"Nisamehe."

"Ulipaswa kuniambia kwenye fomu."

"Ningekuambia, ungenikubali?"

Alifikiri. "Sijui. Lakini ingekuwa juu yangu kuamua."

Aliniacha kwenye nyumba ya wageni bila kuniaga. Sikula. Huko Minnesota Baba alikuwa kwenye mashine, na nilishukuru kwamba sikuwa na jinsi ya kumpigia.

Alhamisi, saa tatu kasoro, nilikwenda kusimama chini ya mnara wa saa. Saa tatu ikapita. Na robo ikapita. Mwuza maua akaniuliza kama nimepotea. Saa tatu na dakika ishirini na tano gari jeupe likapanda mtaa, likasimama mbele yangu.

"Ulijiandikisha siku tatu," Carys akasema kupitia dirishani. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Leo ni bahari."

Njia ya baharini hupanda mlima kwanza. Katikati ya mlima ukungu ukatushukia ghafla, mzito hata boneti ya gari haikuonekana. Kondoo walikuwa wamelala barabarani, na vitoto vyao vipya, vikitokea kwenye taa kama vipande vya ukungu wenyewe. Carys akasogeza gari kando, akazima injini, akawasha taa za tahadhari. Tungengoja.

"Amekufundisha nini?" akauliza ghafla, bila kunitazama.

"Nani?"

"Unajua ni nani."

Nikamwambia. Kwamba alinifundisha kuendesha baiskeli kwenye mteremko wa kanisa, akikimbia nyuma yangu ameshika kiti. Kwamba alinifundisha kusafisha kidonda kwa kuanzia katikati kwenda nje, na kwamba ndiyo sababu nikawa muuguzi. Kwamba alikuwa mkali, na nilipopata ujauzito kabla ya ndoa alikaa miezi mitatu hanisemeshi.

"Hakukusemesha?" Carys akacheka, kicheko kikavu. "Yeye?"

"Yeye."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuliona jambo lile kwa jicho lile. Hasira ilinipanda pale pale, ya miaka ishirini, nikashangaa kuikuta nzima.

"Mama hakuolewa," Carys akasema baadaye. "Watu wa mji walikuwa wema kwetu, usidhani vingine. Lakini wema wa kuhurumiwa unachosha. Nilitaka mtu mmoja wa kufanana naye." Akanigeukia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Jumanne ulipokuwa unatazama shamba, nilifikiri, huyu mwanamke ana paji la uso kama langu. Nikajicheka."

Ukungu ulipochanika tukateremka. Saa nane mchana tulikuwa ufukweni, pwani pana ya mchanga wa kijivu, maji yamekupwa mbali, hakuna mtu ila mzee mmoja na mbwa. Minnesota ilikuwa saa mbili asubuhi, siku isiyo ya mashine.

"Mpigie," akasema. "Lakini usimwambie nipo. Nataka kumsikia tu."

Nilishika simu. Baba alitaka kusikia sauti yake mara moja tu, naye alitaka vivyo hivyo. Lakini nilikuwa nimechoka na kuficha.

"Siwezi," nikasema. "Nimemdanganya mdogo wangu, nimekudanganya wewe. Nikipiga, nitamwambia unasikiliza."

Alitazama bahari. Akaitikia kwa kichwa.

Nikapiga, nikaweka spika. Baba alipokea kwa mlio wa kwanza. "Naeli?"

"Shikamoo Baba. Niko na Carys. Anakusikia."

Hakuitikia shikamoo. Nilisikia kiti kikiburutwa, nikajua amesimama. Halafu akasema kwa Kiingereza chake cha zamani, cha darasani, "Habari ya mchana, Carys."

Carys akaichukua simu, akaisogeza karibu na mdomo. "Nilikuandikia nikiwa na miaka kumi na miwili. Uliipata?"

Nilitamani aseme lolote la kumpunguzia. Nilitamani hata adanganye. 

"Niliipata," Baba akasema. "Niliisoma siku ile ile, nyuma ya josho la ng'ombe, ili mke wangu asinione. Nilitaka kujibu. Nikaogopa. Kila mwaka uliopita uliifanya aibu iwe kubwa zaidi, nami nikazidi kuogopa. Sina neno jingine. Ulikuwa mtoto, na mimi ndiye nilikuwa mtu mzima."

Mbwa wa yule mzee alibweka mbali huko. Carys alikuwa amefumba macho.

"Ahsante," akasema mwishowe, "kwa kutoisingizia posta."

Akanirudishia simu, akatembea kuelekea kwenye maji, peke yake, viatu vikizama mchangani.

"Amekata?" Baba aliuliza, sasa kwa Kiswahili.

"Hapana, Baba. Amekwenda kusimama karibu na maji."

"Sauti ya mama yake," akasema. "Sauti ya Mair kabisa." Halafu nikamsikia akilia, na sikumnyamazisha. Nilimwambia, "Kaa chini, Baba, usije ukaanguka," nikabaki naye kwenye simu hadi alipotulia.

Ijumaa asubuhi Carys alinipeleka kituoni. Tulisimama jukwaani hatujui tushikane mikono au tukumbatiane, tukafanya nusu nusu, miwani yake ikanikwaruza shavu.

"Siku zake za mashine ni zipi?" akauliza.

"Jumatatu, Jumatano, Ijumaa."

"Sijasema nitapiga."

"Najua."

"Nauliza tu, nisije nikapiga siku mbaya." Treni ikaingia. Alishika begi langu, akaliingiza ndani mwenyewe, akashuka upesi kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Nilipokaa dirishani nikamwona amesimama pale pale, akinitazama mimi na si treni.

Jumapili nilikuwa New Hope. Baba alikuwa ameomba Eliamani na familia yake waje baada ya ibada. Alivaa suti. Nilipika pilau na kachumbari nikiogopa kuliko kwenye ile barabara ya bwawani, kwa maana sasa nilijua ninachokiogopa. Niliondoka Minnesota nikidhani nakwenda kufungua siri iliyoko ng'ambo. Kule hakukuwa na siri. Mji mzima ulijua Carys ni mtoto wa nani, na aliishi nayo mchana kweupe. Siri ilikuwa kwetu, ndani ya nyumba hii, kwenye mfuko wa koti, na mimi nilikuwa nimekubali kuwa mlinzi wake kwa sababu tu nilijiona ndiye mkubwa. Ukimficha mtu jambo kwa kumhurumia, unamnyima nafasi ya kuamua. Hilo nilifundishwa ndani ya gari jeupe, na mwenye haki ya kunifundisha.

Wajukuu walipomaliza kula wakataka kurudi kwenye simu zao. Baba akasema kwa Kiingereza, wakaelewa si mzaha, "Kaeni." Akasimama, mkono mmoja ameshika meza.

"Eliamani," akasema, "nina binti mwingine. Ndiye mkubwa wenu. Yuko hai, yuko Wales, na nilimtupa."

Mke wa Eliamani aliweka kijiko chini. Mdogo wangu alinigeukia mimi kwanza, nikaona anavyopiga hesabu: safari, kupumzika, picha ambazo sikuleta. Uso wake ukakunjamana. Akasukuma kiti nyuma, akasimama, akaenda hadi mlangoni. Nilisikia funguo za gari mfukoni mwake. Hakuna aliyemfuata. Baba alibaki wima, hakukaa wala hakujitetea.

Eliamani alisimama mlangoni, ametupa mgongo. Kisha akauliza, bila kugeuka:

"Anaitwa nani?"

"Carys," Baba akasema. Halafu akalirudia polepole, herufi kwa herufi, ili na watoto walishike.